Kuku Niliyemrudisha Makambako

Ninyi wajukuu zangu, na vijana wengine ambao karatasi hizi zitawafikia, someni mpaka mwisho ndipo mcheke. Mimi niliishia darasa la nne. Nimeandika kwa kalamu kwenye daftari la kwaya, Oliva akapiga chapa, na nimemkataza kunyoosha maneno yangu. Pale nilipokosea pabaki hivyo hivyo.

Oliva ni mtoto wa marehemu binti yangu. Alisoma mpaka chuo, na tangu amalize hajaajiriwa na mtu. Kazi yake, kama anavyosema, ni kutazama filamu, kusikiliza muziki na kufuatilia wanasiasa, halafu kuandika kipi kizuri, kipi kibovu na kwa nini. Mwezi huu anaandikia gazeti hili, mwezi ujao lile. Mjomba wake Kaspari, mwanangu ninayekaa naye, alichoka na habari hiyo. Akamtafutia ukarani kwenye ghala la mbao Makambako, aanze Jumatatu. Oliva hakutaka. Kaspari akaja kwangu jikoni.

"Mama, mwambie wewe. Wewe hakubishii."

Nikamwambia siihukumu kazi ambayo sijaiona. Oliva alikuwa na safari ya kwenda Makambako kutazama filamu, kisha Njombe kuzungumza na mwimbaji. Nikasema nitakwenda naye. Nikiona ni kazi, mtamwacha. Nikiona ni uzururaji, Jumatatu yuko ghalani. Oliva alikubali kwa sauti ndogo, maana anajua nikishasema nimesema.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Mdandu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi, hata nyumba ya jirani haikuonekana. Nilivaa masweta mawili na kubeba kikapu changu. Oliva alibeba mkoba wa kompyuta na daftari. Gari la abiria lilipitia Ilembula, likashusha watu waliokuwa wakienda kumwona mgonjwa hospitalini, likaendelea.

"Sasa wewe mke mwenzangu," nikamuuliza njiani, "bosi wako ni nani?"

"Sina, Bibi."

"Asiyekuwa na bosi nani anamwambia amekosea?"

"Wanaosoma. Tena hao hawana huruma."

Saa nne, Makambako. Wenyeji na wageni wamechanganyika pale kuliko mahali popote ninapopajua. Filamu ilikuwa inaonyeshwa kwenye ukumbi ambao siku nyingine watu hutazamia mpira. Aliyeitengeneza ni kijana mmoja aitwaye Shaibu, ambaye wazazi wake walitoka Kondoa wakaja kufanya biashara. Mama yake anauza vitenge sokoni. Ni filamu ya mwanamke ambaye mume wake ni dereva wa malori ya mbao. Mwanamke anagombea udiwani, watu wanamzunguka, mwishoni mume anakufa na yeye anashindwa uchaguzi.

Nilidhani Oliva atakaa mbele astarehe. Alikaa pembeni, ubavuni, mahali ambapo aliona picha na aliona watu pia. Mara ya kwanza hakuandika kitu. Filamu ilipoisha watu walitoka, sisi tukabaki, ikaonyeshwa tena kwa watu wengine, na safari hii akaandika mpaka nikaona vidole vinamuuma. Mimi kiuno kilikuwa kinaniuma kwa kukaa tu. Nikaanza kufikiri kidogo.

Mara hiyo ya pili ndipo nilipohakikisha nilichokisikia. Kwenye mazishi ya yule dereva waliweka sauti ya mwanamke akiimba Kibena. Wimbo ule ninaujua tangu nikiwa msichana. Ni wimbo wa kumuaga bibi harusi anapotolewa nyumbani kwao. Unaliza, ni kweli, maana mama anaachana na binti. Lakini ni wa harusi. Na wao wameuweka juu ya jeneza.

"Oliva, hii ni aibu," nikamwambia, na watu wa mbele wakageuka. "Wamezika kwa wimbo wa harusi."

Akaacha kuandika. "Una hakika, Bibi?"

"Mimi mwenyewe nilitolewa nao."

Akaniuliza maneno yake yote, moja moja, akayaandika. Akasema yeye alizaliwa Dar es Salaam na hakuyajua, na bila mimi angepita palepale kama kipofu. Nikajisikia mtu.

Saa saba mchana, nyumbani kwa Mama Shaibu. Mama huyu alitusubiri kwa wali na nyama, na jamvi safi. Oliva alimsalimia shikamoo vizuri, akaomba maji tu. Akasema, "Mama, nikishamaliza kuandika nitakuja kula, na nitakula mpaka nishindwe kusimama." Akatoka uani kumhoji Shaibu.

Mama Shaibu akanitazama. "Mjukuu wako anaona chakula cha kwangu kina nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu chakula cha mtu hakikataliwi, hata kama umeshiba unaonja. Nikala cha kwangu na cha Oliva. Na wakati wa kuaga, yule mama alipomkamata kuku mwekundu, tetea mzima, akamfunga miguu na kuniwekea kwenye kikapu kama mgeni anavyofanyiwa, nilipokea kwa mikono miwili. Nikajua nimeponya jeraha. Nikamfunika kwa khanga. Oliva hakuona, nami sikumwambia.

Saa tisa, stendi ya Makambako. Kijana aliyevaa kofia ya kampeni akatufuata. Alikuwa msaidizi wa mgombea mmoja, ana gari zuri linakwenda Njombe tupu, akasema atupeleke bure, na dada akipenda ataandika maneno mawili ya mkutano wao. Oliva akamshukuru akakataa.

"Gari la bure unalikataa na magoti yangu haya?" nikamwambia.

"Nikipanda, Bibi, kesho nitaandika kama abiria wake."

Nikanuna. Tukapanda gari la abiria kama watu wengine. Baada ya mwendo kidogo nikamwambia, "Oliva, ile habari ya wimbo, ipitie juu juu. Watu wenyewe wageni, hawakujua. Na yule mama ni mtu mwema sana."

Akanigeukia. "Saa sita ulisema ni aibu."

"Nilisema kwa hasira."

"Hukuwa na hasira, Bibi. Ulikuwa na hakika."

Nilikuwa nimeweka mkono juu ya kikapu.

Saa kumi na moja, Njombe mjini. Baridi ya pale inaingia kwenye mifupa bila kubisha hodi. Mwimbaji anaitwa Mama Tuli. Anauza viazi na parachichi, na sauti iliyomo kwenye filamu ni yake. Tulimkuta nyumbani kwake akichagua viazi vya kesho. "Kamwene," nikamsalimu, akaitikia, tukaongea Kibena kidogo, akatupa vigoda karibu na moto.

Oliva akamweleza alichofuata. Mama Tuli akaacha viazi.

"Walinirekodi harusini. Sikujua, simu ziko mikononi mwa kila mtu siku hizi. Shaibu akaipata huko. Sikatai kusikika. Lakini tangu filamu hiyo ianze kuzunguka, harusi mbili zimeniambia nije, ila ule wimbo nisiuimbe, unanuka kaburi. Na harusi ya tatu haikuniita. Mwezi ujao natoa binti yangu mwenyewe. Nimtoe na nini? Wimbo wa mama yangu umekuwa wa maiti." Akamshika Oliva mkono. "Andika kwamba ni wa harusi. Andika na jina langu. Watu wakisoma kwenye gazeti wataamini."

Hapo hapo yule kuku akalia ndani ya kikapu.

Mama Tuli akacheka. "Mmekuja na mboga? Mmemtoa wapi?"

Mimi sijui kusema uongo, na umri huu sitajifunza. "Makambako. Kwa mama yake Shaibu."

Kicheko kikaisha. Akauachia mkono wa Oliva, akarudi kwenye viazi vyake.

"Basi mmeshakula upande wa kule," akasema. "Jina langu usiliandike, mwanangu. Nilifikiri mmekuja wenyewe."

Oliva akajaribu kueleza. Mama Tuli akawa anajibu "sawa" kwa kila neno, na ninyi mnajua mtu wa kwetu akisema sawa hivyo amekwisha kufunga mlango. Tukaaga. Njiani kwenda kwa ndugu yetu tulikolala, Oliva hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu, "Sina tena la kuandika, Bibi. Bila yeye ni maneno yangu na yako, na wewe umepewa kuku."

Usiku ule niliyapima yote. Mimi ndiye niliyekuja kuikagua kazi yake, na mimi ndiye niliyeiharibu. Na jambo lililoniuma kuliko yote si kuku. Ni kwamba asubuhi niliujua ukweli na jioni nikaona haya kuusema, na katikati hakuna aliyenitisha wala kunibembeleza. Nililishwa tu, vizuri, na mtu mwema.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, kurudi Makambako. Oliva alisema si lazima. Nikamwambia akae kimya, hii sasa ni safari yangu. Mama Shaibu alikuwa anafungua kibanda chake sokoni. Nikamwekea kikapu mbele, nikafunua khanga.

"Nimemrudisha," nikasema.

Akamtazama kuku, akanitazama mimi. "Kuku wa mgeni anarudishwa? Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Nimekukosea mimi. Ulinipokea kama mgeni, kumbe nilikuwa kazini. Mtu aliye kazini hapokei."

"Kazi gani na wewe bibi kizee?"

"Ya mjukuu wangu. Jana niliiingilia na mikono mibaya. Na kuna neno ambalo ningekuambia jana kama nisingekula. Wimbo wa mazishi kwenye filamu ya mwanao ni wimbo wa harusi. Mwenye wimbo anakosa kazi kwa ajili yake. Mjukuu wangu ataliandika hilo. Nimeona ulisikie kwangu kwanza, usoni."

Shaibu alikuwa nyuma ya vitenge, akatoka. Hakuwa mkali. "Bibi, niliisikia sauti ile nikalia. Nikaona inafaa msibani. Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza nani?"

Akainamisha kichwa. Mama yake akamtoa kuku kikapuni, akamfungua kamba, akakunja khanga yangu mara nne na kunirudishia. Hakusema karibu tena. Nilimheshimu kwa hilo, lakini niliondoka na uzito, na mpaka leo nikipita Makambako sipiti upande ule wa soko. Msidhani jambo sahihi halina gharama yake.

Kabla hatujapanda gari nikaomba simu ya Oliva, nikampigia Mama Tuli. Nikamwambia kuku amerudi kwao na nikamweleza kila neno nililosema. Halafu akasema, "Mpe huyo mtoto aongee na mimi." Oliva akaongea naye amesimama, daftari limeegemea ukuta wa duka, robo saa nzima.

Ijumaa, saa tisa alasiri, nyumbani Mdandu. Kaspari alikuwa mlangoni. "Haya Mama, ni kazi au si kazi?"

"Ni kazi. Ile nafasi ya ghalani mpe mwingine."

"Ya kutazama filamu?"

"Ya kukaa na njaa mbele ya wali wa watu. Wewe huiwezi. Hata mimi sikuiweza."

Maandishi ya Oliva yalitoka wiki iliyofuata. Alisema uigizaji wa yule mwanamke ni mzuri kuliko alivyotarajia, akasema filamu inawajua wanasiasa wetu vizuri, na akasema ya wimbo bila kuficha, jina la Mama Tuli likiwemo. Mama Tuli alimtoa binti yake kwa wimbo wa mama yake. Tulialikwa, tukala, maana kazi ilikwisha.

Siku chache baadaye yule kijana wa kofia ya kampeni akafika hapa Mdandu na mfuko wa sukari na kitenge, "zawadi ya Bibi" tu, hana shida yoyote. Kaspari alikwisha nyoosha mikono. Nikainuka kwenye kigoda, nikawaita wote, wa shambani na wa jikoni, nikawaambia mbele ya mgeni mwenyewe:

"Kuanzia leo, yeyote anayeleta kitu kwenye nyumba hii ataulizwa kwanza kama Oliva anaandika habari zake. Kama anaandika, mpeni kigoda, mpeni maji ya kunywa, muulizeni habari za kwao. Akiinuka kuondoka, mbebeeni mzigo wake mpaka barabarani, aondoke nao."