Nguzo Aliyoivunja Vasta

Vasta ni fundi wa kujenga. Kazi hiyo alijifunza kwa mumewe kule Bwera, na alipobaki mjane aliendelea kushika mwiko bila kumwomba mtu ruhusa. Mafuriko yalipobeba daraja la miguu huko Kyondo, wakulima wa kahawa walimkabidhi yeye kazi ya kulijenga upya.

Barabara iko juu, kijito kiko chini bondeni. Ili kupunguza kubeba, walichanganyia zege barabarani, wakaliteremsha kwa mfereji mrefu wa mabati. Nguzo ya kwanza ilijaa upesi, watu wakashangilia.

Zege liliposhika na mbao zilizolizunguka kubanduliwa, Vasta aliinama. Upande mmoja wa chini ulikuwa kokoto tupu. Akaingiza kidole kati ya kokoto hizo, kikapita.

"Tupake tu saruji kwa nje," alisema Syahuka, mwenyekiti wa kamati. "Mvua iko karibu, mama. Watoto wanavuka ndani ya maji."

"Ni kwa ajili yao sipaki," Vasta alijibu. "Ikianguka, itaanguka nao."

Akaomba zege kidogo literemshwe tena, akachuchumaa kando ya mfereji. Lilikuwa limechanganywa vizuri kabisa. Lakini lilipokuwa likiteleza, mchanga na saruji vilipenya kati ya kokoto, vikashuka chini na kujikokota juu ya bati. Kokoto kubwa zilipanda juu, zikakimbia mbele, zikafika za kwanza.

"Kumbe zege linaachana njiani," akasema.

Olanya, askari wa kambi ya jirani aliyekuja kusaidia siku yake ya mapumziko, alikuwa karibu. "Sasa fundi, tufanye nini?"

"Afande, leta nyundo."

Aliipiga nguzo yeye wa kwanza. Roho ilimuuma, maana kila kipande kilichoanguka kilikuwa jasho la majirani. Wengine waliondoka wakinung'unika. Syahuka aliwatazama wakienda, kisha akavua koti akachukua nyundo ya pili.

Safari hii mchanga, kokoto na saruji vilibebwa vichwani hadi chini. Walichanganyia pale pale kwenye nguzo, wakamimina beseni kwa beseni, huku Vasta akishindilia kwa nondo. Kazi ilikwenda polepole, nguzo baada ya nguzo, naye hakukubali kuharakishwa.

Mvua ilinyesha muda mfupi baada ya mbao za daraja kupigiliwa. Maji ya tope yalishuka na magogo, yakaigonga nguzo ile ya kwanza mbele ya macho ya kijiji kizima. Haikutikisika.

Maji yalipopungua, mkunga wa kijiji alivuka wa kwanza na kikapu chake. Wabeba kahawa wakamfuata, wakiongea kwa sauti kubwa.