Marlys Ahama Ulingo Bunduki Zikianza Kulia

Saa nne na nusu asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa bunduki, Marlys Kubiak ameketi juu ya ulingo wake kando ya kinamasi. Theluji imefunika viatu vyake. Koti lake la rangi ya chungwa, ambalo sheria humtaka kila mwindaji avae, linaonekana kutoka mbali, lakini wala hajali. Kulungu hashtushwi na rangi, anashtushwa na mtu.

"Wiki mbili zilizopita ningekuwa pale," ananong'ona, akionyesha kwa kidevu shamba la mahindi la jirani. "Leo ukikaa pale utaona kindi tu."

Marlys, 52, ni mpishi wa shule kaskazini mwa Wisconsin. Hulipwa dola 16 kwa saa, na shule ikifungwa halipwi. Mwezi Agosti mumewe, Rollie, alivunjika bega kwenye kiwanda cha mbao. Hawezi kuvuta upinde wala kuinua bunduki. Nyama ya majira ya baridi sasa inamtegemea Marlys peke yake, na wiki tisa za upinde zimepita mikono mitupu.

Si kwamba kazi haijui. Kwa upinde, kulungu lazima akaribie hatua ishirini, hana habari, na upepo umpige mwindaji usoni. Hata haja ndogo mtu huiendea mbali, tena upande unakoelekea upepo, ili harufu isibaki njiani kwa mnyama.

Bunduki inafika mbali, lakini huleta msituni watu wasiojua kutembea. Milio ikianza, kulungu huacha mashamba na kujificha. Mwaka jana Marlys alikaa siku nane kwenye ulingo uleule wa upinde.

"Nilikuwa mjinga kweli kweli," anasema. "Upepo mzuri, mahindi mazuri, kulungu hakuna! Wao wameshahama, mimi nimebaki kuwalindia nyumba."

Ndipo akaanza kujiuliza: wakishtuliwa, hukimbilia wapi? Akafuata nyayo kwenye theluji hadi ukanda mwembamba wa nchi kavu unaokatiza kinamasi. Kutoka ulingo wake mpya ni hatua tisini. Kwa mshale, huko ni kujisumbua bure. Kilichobaki ni kupata mtu wa kuwashtua.

Mtu huyo ni Leroy, mdogo wake Rollie, aliyekaa kwenye ulingo wake kilimani, ng'ambo ya kinamasi. Kila mwaka Leroy hushuka mapema kufuata supu. Lakini leo asubuhi, mezani kwa Marlys, aliapa.

"Safari hii sishuki mpaka giza, shemeji. Utaniona!"

"Haya, mwanamume. Basi ongeza kahawa, nje baridi kali."

Akammiminia kikombe cha nne.

Saa tano kasorobo, nukta ya rangi ya chungwa inateremka kilima. Leroy kabanwa, na chini ya ulingo wake hakojoi ng'o. Ni mazoea ya upinde, hayajamtoka. Anafuata upepo unakoelekea, moja kwa moja hadi ukingoni mwa kinamasi.

"Mwone," Marlys anacheka kimyakimya. "Mstaarabu huyo!"

Matete yanatikisika. Jike mkubwa anachomoka, anasimama kwenye ukanda, anageuza masikio kumsikiliza Leroy. Leroy yuko mbali kushoto. Nyuma ya kulungu kuna mwinuko mtupu wa udongo. Marlys anashusha pumzi na kufyatua mara moja.

Jike anaanguka palepale. Machozi yanamtoka Marlys.

"Niliogopa jamani," anasema. "Wiki tisa namwambia Rollie kesho, kesho."

Leroy anafika mbio, zipu bado wazi.

"Shemeji! Umejuaje kama atapita hapa?"

"Nimeota. Funga zipu."

"Mwakani unionyeshe basi."

"Pa upinde nitakuonyesha. Pa bunduki utafute mwenyewe!"

Marlys amebakiwa na kibali kimoja cha kuua kulungu. Alhamisi, shule ikifungwa kwa sikukuu, anapanga kuhamia upande wa pili wa kinamasi, kwani anaamini kufikia siku hiyo kulungu watakuwa wameshajua kwamba ukanda huu una hatari.

Kabla ya kuanza kuchuna, anampigia mumewe simu.

"Rollie, liwashe lile friji la chini."

Rollie alilizima tangu Septemba, kwa kuwa halikuwa na kitu. Upande wa pili wa simu anavuta kamasi.

"Rollie? Unalia?"

"Silii. Natafuta waya."