Tuliilinda Kompyuta

Siku ile ya mkutano naikumbuka mpaka harufu ya tope lake. Mvua za Elnino zilikuwa zimekatika, mwanangu, nami nilikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabu na mdomo mrefu kuliko akili. Kijito kinachopita nyuma ya nyumba ya Mama Mkubwa Zubeda, dada yake mama yangu, kilikuwa kimebomoa kalvati la barabara, na maji yakaishia karibu kabisa na ukuta wake. Mama Mkubwa ndiye aliyenilea. Nyumba ile aliijenga kwa dagaa aliokuwa akiwaanika hapa Ujiji na kuwauza soko la Mwanga, na hakuwa na nyingine.

Bwana mmoja wa ofisi ya halmashauri akasimama mkutanoni akatutangazia kwamba serikali imetoa fedha za dharura. Kalvati litajengwa upya, akasema, na akaliacha hapo. Kisha akaingia kwenye habari za kompyuta, na huko akakaa. Sehemu ya fedha itazitibu kompyuta za ofisi, kwa sababu mwaka elfu mbili ukiingia zitachanganyikiwa, zidhani zimerudi mwaka elfu moja mia tisa.

"Zirudi zikatafute nini huko?" akauliza mzee mmoja, na uwanja wote ukaangua kicheko.

Sisi vijana hatukucheka. Ofisini tuliijua kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bi harusi. Watu waliobomolewa nyumba na mafuriko wamelala madarasani na watoto wao, halafu fedha za dharura zikatibu mashine? Tukasema hapa pana wizi. Mimi nikajifanya kinara, tukapanga zamu za kuchungulia dirishani.

Fundi wa kompyuta alipofika kwa treni, tulimfuata mpaka gesti. Akinywa chai, tupo. Akienda kuswali, tupo safu ya nyuma. Siku ya kuondoka kwake tulimfungulisha begi stesheni mbele za watu, na ndani mlikuwa na kanzu, mswaki na migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, aliyomnunulia mkewe. Alifunga begi lake taratibu, akapanda treni, nasi tukarudi tunatembea kwa madaha kama askari waliokomboa mji.

Mkandarasi wa kalvati hatukumfuata. Tumfuate kwa lipi? Saruji tunaijua, mawe tunayajua, na yeye mwenyewe alikuwa mcheshi, anatutania, anatununulia kahawa, anawapa wenzetu vibarua. Jioni moja Mama Mkubwa akaniita uani.

"Ramadhani, hii mifuko ya saruji inashushwa asubuhi, magharibi naona inapakiwa tena. Inakwenda wapi?"

"Mama Mkubwa, nani aibe saruji barabarani watu wanaona? Sisi tunalinda mambo makubwa."

Akanitazama, akaendelea kuchambua dagaa wake. Siku iliyofuata aliniambia tena, nami nikamwitikia kama mtu anayemwitikia mtoto. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika safari ile halikuwa langu.

Kalvati likafunguliwa kwa vigelegele. Mvua za msimu uliofuata zilipokuja likameguka kama andazi lililolala, maji yakakosa njia, yakageukia kwa Mama Mkubwa. Nilipofika nilimkuta ameketi juu ya kinu chake katikati ya barabara, kanga imemgandia mwilini. Nyuma yake ulibaki mlango na fremu yake, ukuta umekwenda.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Kompyuta yenu haijambo?"

Nikainama, nikaanza kuokota sufuria zake topeni.

"Inajua huu ni mwaka gani?"

"Inajua, Mama Mkubwa."

"Alhamdulillahi. Basi kaiulize mie leo nitalala wapi."

Mwanangu, nimegombezwa na walimu, nimegombezwa na polisi, hata babu yako mzaa mama aliwahi kunifukuza na bakora. Hakuna maneno yaliyoniumiza kama yale. Mkandarasi tulimtafuta, simu haipokelewi. Ofisini wakatuambia jambo linachunguzwa. Mpaka leo linachunguzwa. Na nikikaa peke yangu namkumbuka yule bwana wa mkutano, alivyotusimulia kompyuta tukachoka, na kalvati akalipitia kwa sentensi moja. Pengine alikuwa mgeni wa kompyuta kama sisi, akashangaa tu. Pengine alijua tutakakoangalia. Sina ushahidi, na moyo wangu haujatulia.

Mama Mkubwa alimalizia umri wake katika chumba cha kupanga kule Gungu, mbali na maji. Hakurudi tena Ujiji hata kwa harusi.

Sasa ziwa limepanda, limemeza nyumba za ufukweni, na zimetangazwa tena fedha za dharura: ukuta wa mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, utajengwa, na mfumo wa malipo wa kompyuta ulioharibika utatengenezwa. Nawe umechaguliwa kwenye kamati ya wakazi. Jana nimekusikia barazani unawaambia wenzako, "Huu mfumo ndio mchongo wenyewe, hapo ndipo tukabe." Nikahisi baridi, maana sauti ile ilikuwa yangu.

Sikukatazi kushuku. Anayeogopa kuuliza ataulizwa na mvua. Mfumo mtafutieni mtu anayeuelewa, akae nao. Lakini wewe, mwanangu, nenda kasimame kwenye mawe ya ukuta. Tazama kinachoshushwa asubuhi na kinachopakiwa magharibi. Mkandarasi akikununulia kahawa, mshukuru, kisha kainywe kwako. Kikulacho ki nguoni mwako, na jambo ulilolizoea ndilo linalokuibia ukiwa macho. Na mama mtu mzima anayeishi karibu na ule ukuta akikuita uani, acha kila unalolifanya, uende, ukae, umsikilize mpaka amalize.

Mungu akupe macho ya Mama Mkubwa Zubeda, akupe na masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Ukuta huo usimame, na mwenye nyumba nyuma yake alale kwake.