Punda wa Zambarau

Kazi yangu ya kwanza Toronto ilikuwa kuchinja vitabu. Sina neno jingine. Mwenye duka, Mgoa aliyezaliwa Nairobi na kuhamia Mississauga, alikuwa akinunua vitabu vya watoto vya enzi za malkia yule wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa, ambaye sanamu yake imekaa karibu na bunge la hapa, na za mwanawe: paka wakinywa chai, bundi kavaa joho la hakimu, kunguru na mwavuli wake. Mimi nilikata picha kwa wembe, tukazitia fremu, zikaenda kuning'inia kwa madaktari wa meno. Maandishi tulitupa. Nilikuwa na mkono mzuri, na niliujivunia mno.

Vitabu vichache havikuwa vya kukatwa. Hivyo vililetwa kushonwa upya, na kila kimoja kilichomekwa kikaratasi cha manjano. Ijumaa moja ya Februari nilikuta kikaratasi cha namna hiyo sakafuni. Nilikiona vizuri tu. Nikakiokota, nikakitupa, kwa sababu basi langu la Mount Dennis lilikaribia na nilitaka kumaliza rundo. Kitabu cha mwisho kilikuwa na punda aliyeketi akisoma gazeti, na mtoto fulani alikuwa amempaka krayoni ya zambarau, ikamwagika hadi nje ya mistari. "Takataka," nikasema peke yangu. Punda akaingia pipani pamoja na maandishi.

Jumatatu pipa lilikuwa tupu, na mama mmoja mzee akaja kuchukua kitabu chake.

Mwenye duka alinitazama, akaelewa. "Wewe nyamaza," aliniambia kwa Kiswahili. "Hii nasema mimi." Akamgeukia mama, akamweleza kwa Kiingereza kwamba kitabu kilikuwa kimeliwa na unyevu, kurasa zimemomonyoka mikononi mwetu, pole sana. Nilinyamaza. Kibali changu cha kazi kilikuwa cha muda, lakini nisijifiche nyuma ya karatasi; nilinyamaza kwa woga tu.

Mama hakugombana. "Kitabu kiacheni," alisema. "Nipeni punda peke yake. Binti yangu alimpaka rangi akiwa hospitalini. Hakuwahi kufika masikioni."

Ni kweli, masikio yalikuwa meupe. Nilikumbuka. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu hayakungoja.

Nilikimbilia stoo. Tulikuwa na nakala nyingine ya kitabu kilekile, nikaikata haraka, bado nikiamini kwamba mkono wangu mzuri utaniokoa. Nikampa picha kwa mikono miwili, nilivyofunzwa kumpa kitu aliyenizidi umri. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga wa theluji, akapitisha kidole juu ya punda taratibu, toka mgongoni hadi masikioni.

"Huyu ni msafi," alisema, akanirudishia.

Alipofika mlangoni aligeuka, akatushukuru kwa kujaribu.