Kisahani Kati ya Maranga na Mkwewe

Ukitaka ndizi zilizoiva vizuri katika soko la Oyugis, watu watakuelekeza kwa Maranga. Alishuka kutoka Kisii akiwa kijana, akapanga kibanda, akajifunza Kijaluo cha kuuzia, na mpaka leo hakuna anayempita kwa kuivisha ndizi. Ni mzee mrefu, mkaidi, na Msabato kweli kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama anafunika mali yake kwa turubai, na mteja akipiga magoti ataambiwa arudi Jumapili asubuhi.

Jumapili mchana ndiyo saa ya mchezo wake. Utamkuta uwanjani mwa kanisa, koti amelitundika kwenye ua, anarusha kisahani cha plastiki.

Mchezo huo uliletwa na Bochaberi, mwalimu wa vijana. Alimwita fundi wa kuchomelea, akaunda vikapu tisa: bomba la chuma, juu rimu ya baiskeli, minyororo inaning'inia, na chini beseni la waya. Unasimama penye jiwe lililopakwa chokaa, unarusha kisahani, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka kilie kwenye minyororo na kuingia. Vikapu viko karibu karibu, hata mtoto anafika. Kimoja kiko nyuma ya jiko la kanisa, kingine karibu na choo, na hicho watu hukicheza haraka. Mwanzoni wazee walicheka sana, wakauliza kama kanisa limeanza kutupa vyombo, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Maranga.

Hiyo ilikuwa kabla ya kifo cha Oliver, mwanawe wa pekee.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Wagusii wana heshima yao inayoitwa chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hata mkono wa salamu hawapeani. Akitaka kumpa kitu, anakiweka chini na kurudi nyuma, naye anakuja kukiokota. Vijana wa siku hizi wanaicheka, wengine wanaikunja kidogo kulingana na shida zao. Maranga hakuikunja hata siku moja. Mke wa Oliver, Joyline, ni Mjaluo wa Mfangano, mtoto wa watu wa samaki. Alipoolewa alimnyoshea mzee mkono kwa furaha zake zote, na mkono ule ukabaki hewani mpaka Oliver akamweleza. Tangu hapo alijua mipaka. Walizungumza Kiswahili, lugha isiyo ya mama wa yeyote kati yao, na kila mmoja alisimama upande wake wa uwanja wa nyumbani.

Oliver aliishi kwenye nyumba ya mabati, uwanja uleule wa baba yake. Mafigo yalipomshinda, hospitali ikamruhusu arudi akapumzike nyumbani, na kila mtu alielewa maana yake. Maranga alipeleka kigoda akakiweka nje, kando ya ukuta. Alikaa hapo mchana kutwa akizungumza na mwanawe kupitia mabati. Alimwambia bei ya ndizi, alimwambia nani kagombana na nani sokoni, na Oliver alicheka ndani, kicheko chembamba. Majirani walipita wakiona mzee anazungumza na ukuta.

Alasiri moja mvua ikinyesha, Joyline alifungua mlango akapiga kelele. "Baba, ingia! Oliver anaenda! Ingia!"

Maranga alisimama. Alifika mlangoni, akashika mwimo. Mguu ukakataa. Ndani kulikuwa na kitanda cha mwanawe na mke wa mwanawe, na kila alichofundishwa tangu utoto kilimwambia hapo si pake. Jirani mmoja, Roseline, alimpita akiwa amelowa, akaingia mbio, na muda si muda akatoka akiwa ameshika kichwa. Yote yalikuwa yamekwisha.

Walimzika Oliver Kisii, kwa baba zake. Kwenye matanga kaka mkubwa wa Maranga, mzee Nyakundi, alimsifu mbele ya watu. Alisema, huyu ndugu yangu amekaa miaka yote katikati ya Wajaluo na bado anajua mila, hata msiba haukumtoa kwenye njia. Watu wakaguna kwa heshima. Maranga aliisikia sifa hiyo, akainamia viatu vyake.

Baada ya hapo alinyamaza. Sokoni aliuza kwa ishara. Nyumbani alikaa na uji wake, na ng'ambo ya uwanja Joyline alikaa na msiba wake, pamoja na Gesare, mtoto wa Oliver, aliyepewa jina la marehemu mke wa Maranga. Watu wawili wanamlilia mtu mmoja, na hakuna namna ya mmoja kumshika mwenzake bega. Uchungu wa namna hiyo sikutakii.

Bochaberi ndiye aliyewaona. Aliwaita wote watatu uwanjani Jumapili moja, akawapa kisahani. Maranga alikubali kwa ajili ya mtoto. Lakini ajabu ni kwamba mchezo uliwafaa. Kisahani unakirusha, kinaanguka, mwenzako anakiokota, na hakuna mkono uliogusa mkono. Watu wanatembea kikapu hadi kikapu, kila mmoja na njia yake, na maneno yanavuka nyasi bila haya. Hapo ndipo Joyline alipomwambia mzee jinsi Oliver alivyomtongoza, kwa ndizi mbovu, akidai ni mali ya baba yake na haziozi. Mzee alicheka mpaka akashika mti. Jumapili zikapita, mwaka ukapita na zaidi. Ukweli ni kwamba ile saa moja nyuma ya jiko la kanisa ndiyo iliyomweka mzee hai.

Kisha akaja Maroa. Mkuria, fundi wa kushona, naye amefiwa na mke, mwenye kiduka Migori. Alikutana na Joyline kwenye makambi ya kanisa, akamtaka, na akasema wazi kwamba anamtaka pamoja na mtoto. Habari haikukawia kufika Kisii. Nyakundi akapiga simu.

"Mwanamke akitaka kwenda, aende," alisema. "Mtoto ni damu yetu. Mtoto anabaki. Mwacha mila ni mtumwa, Maranga, na wewe hujawahi kuwa mtumwa."

Maranga alikubaliana naye, tena upesi, kwa sababu neno hilo lilimfaa. Gesare akibaki, atakuwa na mtu wa kumwita babu asubuhi. Na moyoni, mahali asipopenda kupachungulia, alijua kwamba mtoto akibaki, mama yake hatakwenda popote.

Jumapili hiyo alikuja uwanjani na neno lake limeiva mdomoni. Joyline naye alikuwa na lake, maana alirusha vibaya tangu kikapu cha kwanza. Walipofika nyuma ya jiko, kisahani cha mzee kilipita kikapu kikatua chini ya ua wa misonobari. Gesare akakimbia kukifuata, kama kawaida yake.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Siafu walikuwa wamejaa chini ya ua ule. Mtoto aliingia katikati yao, akasimama, kisha akapiga ukelele uliowatoa watu jikoni. Maranga alikuwa karibu, akamfikia na kumnyanyua. Mtoto alikuwa mweusi wa siafu hadi magotini. Alimpiga babu yake teke, akajipinda mikononi mwake, akamnyoshea mikono mama yake aliyekuwa akija mbio.

Kawaida yao ilijulikana. Babu anamweka mtoto chini, anarudi nyuma, mama anakuja kumchukua. Maranga alitazama chini akaona siafu wamezunguka viatu vyake, hakuna pa kumweka. Joyline alifika, mikono wazi, na mzee akamkabidhi mtoto mkononi. Vidole vyao vilipishana chini ya makwapa ya mtoto. Paji la uso la Joyline liligonga kifua chake. Wakasogea penye nyasi fupi, wakachutama, wakaanza kuwang'oa siafu mmoja mmoja, mikono minne kwenye miguu miwili midogo.

Ardhi haikupasuka. Hakuna ng'ombe aliyekufa Kisii. Mkono wa mkwe wake ulikuwa mkono tu, wenye jasho na harufu ya kitunguu. Maranga aliutazama ukichomoa siafu mwingine. Kumbe ni hivi tu. Kumbe hata siku ile ingekuwa hatua moja, ndani, hadi kitandani, na kusingekuwa na lolote ila mtoto wake.

Gesare alipotulia, akawa na kwikwi mapajani mwa mama yake, Joyline alisema bila kuinua uso. "Baba, Maroa anataka twende mwisho wa mwezi. Mimi nimekubali. Lakini nimesikia vile mzee Nyakundi anasema. Kama Gesare atabaki, basi mimi siendi mahali."

Lile neno lilikuwa pale pale mdomoni. Maranga alilionja, na hakulitaka tena.

"Nenda naye," alisema.

"Na mzee Nyakundi?"

"Nyakundi ni ndugu yangu. Wacha tugombane wenyewe."

Joyline alianza kulia polepole. Mzee alimpangusa mtoto magoti. Kisha akauliza jambo ambalo kwa Jumapili zote zile hakuwa amethubutu kulirusha ng'ambo ya nyasi.

"Mama Gesare. Siku ile. Oliver aliuliza niko wapi?"

Joyline aliinamisha kichwa juu ya nywele za mtoto. "Hapana, Baba," alisema. "Alikuwa amelala tu. Hakusema kitu."

"Usinifiche, binti yangu," alisema Maranga. "Ile nyumba ni mabati. Nilimsikia akiniita."