Eko ya Jenereta

Sikai mahali pamoja muda mrefu. Shule niliiacha mapema, nikabeba mizigo bandarini, nikawatembeza wageni mashamba ya viungo Kidichi, na wakati huo nilikuwa nimejishikiza kwenye meza ya fundi redio, chini ya majumba ya Michenzani. Hapo mzee mmoja wa Chukwani akaniletea eko yake.

Ni kisanduku cha chuma. Ndani mna utepe kama wa kaseti, uliofungwa duara, na mota ya kuuzungusha. Ukipiga gitaa, utepe unaidaka sauti na kukurudishia baada ya kitambo kidogo. Bendi ya mzee ilikuwa imevunjika zamani, na kisanduku kilikuwa kimekufa uvunguni. Sasa mjukuu wake alikuwa anaolewa, na alimwomba babu yake wimbo mmoja tu, ule aliompigia mama yake alipoolewa.

"Bila ya eko sipigi," aliniambia. "Wimbo ule tunapiga wawili, mimi na yeye."

Nilitia mpira mpya kwenye mota, nikafuta kutu, nikabadilisha utepe. Kikaamka. Nikakipeleka Chukwani nikijiona fundi. Mzee akapiga kidogo, akasita.

"Ananikatiza. Sijamaliza kusema, yeye keshajibu. Zamani alikuwa ananingoja."

Nikasogeza kichwa kinachosoma utepe, ili sauti ichelewe. Ilichelewa, lakini ilirudi kavu, haina mtikisiko. Mzee akatikisa kichwa. Nikamjaribishia eko ya kwenye simu.

"Huyu kasoma sana," alisema, akaliweka gitaa chini.

Mkewe alikuwa barazani anachagua mchele. "Harusini gitaa lenu lilikuwa linalegea wali ukipakuliwa," alisema, bila ya kuinua uso.

"Maneno ya jikoni hayo."

"Ya jikoni, ndiyo. Mie si nilikuwa huko? Wakiwasha taa za kwa wapishi, gitaa linaingia usingizi. Nikilisikia tu nnajua sahani zinatoka."

Nikamsogelea. "Bibi, taa hizo zilikuwa zinatumia umeme wa wapi?"

"Wa jenereta, baba. Mashamba siku hizo kulikuwa na umeme gani?"

Nilicheka peke yangu. Mota ya kisanduku hufuata mwendo wa jenereta. Jenereta likielemewa linapunguza mwendo, na utepe nao unapunguza. Sauti aliyoizoea mzee ilikuwa ya jenereta lililochoka, nami nilikuwa naitafuta ndani ya kisanduku.

Nikarudisha kichwa mahali pake. Jenereta dogo niliazima kwa wajenzi wa jirani, nikachomeka kisanduku humo. Tukaning'iniza taa ukumbi mzima, tukawasha. Jenereta halikushtuka, maana taa za siku hizi hazili umeme. Mzee akaanza kuninyima macho. Ndipo bibi akaingia ndani, akatoka na pasi.

"Hii inakula," alisema.

Tulipoichomeka, jenereta likaguna. Mzee akapiga nyuzi mbili, akangoja, na jibu likaja taratibu, likiyumba kidogo.

"Ongeza nyengine," alisema.

Tukaazima ya jirani.

Siku ya harusi hatukuona sababu ya pasi kuwaka bure. Wanawake wawili walikaa nyuma ya pazia, jenereta likiwa uani, wakawa wananyoosha kanzu za wanaume waliochelewa. Mzee akaketi mbele ya bibi harusi, akaanza. Alikuwa akisema neno, akitulia, akijibiwa. Bibi harusi aliinamisha uso. Mama yake, aliyeujua wimbo, alikuwa akimtazama mzee vidole.

Katikati ya ubeti wa pili, jibu likaja mbio. Mzee hakuacha kupiga. Aligeuza shingo kuelekea pazia.

"Nani kachomoa pasi?"

"Kanzu zimekwisha, baba," sauti ikajibu.

"Rudisheni. Nyoosheni hata mapazia."

Pasi ikarudi, jenereta likaguna, na kisanduku kikaanza tena kumngoja.