Kasala ya Mtoto Ninayemwita Mama

Jumamosi mchana, nikishatoka kazini bandarini, huwa ninawafundisha watoto wa mtaa wetu hapa Kalemie kutunga mashairi, katika ukumbi wa parokia. Mimi si mwalimu. Masomo yangu yalikatikia katikati ya sekondari, na aina za mashairi ninazozijua ni chache. Nyingine tunazibuni palepale.

Tunaanza na shairi la mistari mitatu linaloficha kitu. Mtoto anasoma, wenzake wanakisia. Msichana mmoja alisoma hivi:

Amevaa feza mwili muzima,
hana hata mufuko,
tunamukula na macho yake.

Wote walijibu kwa pamoja kwamba ni ndakala, dagaa wa ziwa letu, na mmoja akamwambia shairi lake linanuka. Halafu kuna shairi la kasia: mstari mrefu, mstari mfupi, kama mtu anavyovuta maji na kupumua. Hilo husomwa huku mabega yakiyumba, na wadogo hulipenda kwa sababu hiyo tu.

Mwaka huu niliongeza kasala. Nilijifunza kwa mama yangu, Mluba wa upande wa Manono. Ni sifa ambazo mtu hujitungia: anataja jina lake, waliomzaa na mambo anayojivunia, na akinyamaza, wasikilizaji wanamwitikia kwa kumwita. Mama alikuwa akiisema hata kwenye kilio, kumsifu marehemu. Alikufa majira ya mvua yaliyopita. Kwenye kilio chake hakuna aliyeisema.

Binti yangu amepewa jina lake. Kwetu, mtoto mwenye jina la mama yako ndiye mama yako, kwa hiyo tangu azaliwe nilimwita Mama. Baada ya mazishi neno hilo lilinishinda. Nikawa namwita mutoto, au namwonyesha kwa mkono ninachotaka. Mke wangu aliniambia kwamba msichana anamuuliza amekosa nini kwangu. Nikasema itapita. Miezi ilipita, hiyo haikupita.

Siku ya kasala, watoto walijisifu bila haya. Mmoja alidai alipiga mpira peku, na kipa anautafuta mpaka leo. Mwingine alijisifu kwa wajomba wake wote wa Kongolo, hata wale ambao hajawahi kuwaona, wenzake wakacheka lakini wakamwitikia. Ndipo binti yangu akasimama. Alisema jina lake lote, akaendelea:

Nilikuwa mama ya papa yangu mbele ya kujua kutembea.
Bibi alikwenda, aliniachia jina.
Papa, umelificha wapi?

Akanyamaza kama nilivyowafundisha. Watoto walimwitikia kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi. Sikuitikia. Nilisema mwingine aje.

Tulirudi kwa miguu kandokando ya reli, yeye mbele, mimi nyuma. Kwa kawaida husimulia njia nzima. Siku hiyo alitazama reli tu. Nilijua kwamba nikifika nyumbani bila kusema kitu, nitazoea kutosema, naye atazoea kutosikia. Nikamwambia kasala yake ilikuwa nzuri.

"Haijaisha, Papa," alisema bila kugeuka. "Kuna mutu hajaitika."

Tulitembea kidogo.

"Nimeitika, Mama."

Alisimama, akanitazama kama anayepima kitambaa sokoni.

"Mama gani? Wako mingi hapa njiani."

"Mama yangu."

"Wenzangu waliitika kwa nguvu," alisema. "Weye unasema ndani ya shati."

Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walikuwa wametukaribia. Nilingoja wapite, lakini mmoja alisimama kupanga mzigo wake kichwani, na binti yangu hakuondoka. Basi nikaita "Mama!" kwa sauti, mbele yao. Mwenye mzigo aligeuka akidhani ni yeye anayeitwa. Binti yangu akamwambia, "Hapana, ni mimi."